Saluni za V8 za Australia hazikushindwa barabarani

Nasema bila kusita: HSV GTS ya mwaka 2013, saluni ya Australia yenye injini ya V8 (silinda nane), ilistahili kusimama mstari mmoja na BMW M5 ya wakati ule, na wengi waliokuwa na uwezo wa kununua M5 hawakuigeukia hata kuitazama kwa sababu ya beji tu. Naishi kaskazini mwa Adelaide, kazi yangu ni ufundi magari, na kabla ya kuja huku nilikuwa gereji Tanga. Magari haya nayajua boneti ikiwa juu.

Kwa ndugu walio nyumbani: Holden ilikuwa ndiyo kampuni ya magari ya Waaustralia, mali ya General Motors, na saluni yake kubwa, Commodore, ilikuwa ikiundwa Elizabeth, mji ulio hapa hapa kaskazini mwa Adelaide. Siku hizi katika vitongoji hivi utawakuta Wakongo na Warundi wengi, na Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. HSV (Holden Special Vehicles) ilianzishwa 1987, kazi yake ikiwa kuichukua Commodore na kuipa nguvu zaidi, breki kubwa na shokapu za maana. Mpinzani wa jadi alikuwa Ford Falcon, iliyounganishwa Broadmeadows, Melbourne. Yote ni magari marefu, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye nafasi ya watu wazima watano na buti la kumeza mizigo ya safari.

Sasa tazama hesabu. GTS ile ilikuwa na V8 ya lita 6.2 yenye supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa), kilowati 430 na nguvu ya kuvuta ya niutoni-mita 740. M5 ilikuwa na V8 ya lita 4.4 yenye tabo (turbo) mbili, kilowati 412 na niutoni-mita 680. Viwanda vyote viwili vilidai gari linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.4. GTS iliuzwa dola 92,990 za Australia. M5 ilivuka dola 200,000. Mjerumani alikuwa na giaboksi bora na ndani pametulia zaidi, hilo halina ubishi. Lakini pengo la zaidi ya dola laki moja ni nyumba ya mtu kule Pongwe, Tanga, na kwenye lami pengo hilo hulioni.

Nalipa uzito jambo ambalo wanaopima magari haya kwa saa ya mkononi hulipita haraka: ufundi wenyewe. Fungua boneti ya Commodore ya V8. Injini ni ya mtindo wa zamani, kemshafti moja katikati ya bloku, vali mbili kwa kila silinda, na kwa sababu hiyo ni fupi na imekaa chini. Plagi unazifikia. Mkono unaingia na spana na unatoka bila kuchubuka. Sasa fungua M5 ya miaka ile. Tabo zake zimekaa juu, katikati ya V, na kila mpira na kila sili inayopita karibu yake inaiva kwa joto. Baada ya miaka kadhaa mpira huo ukiushika unavunjika kama mkate mkavu, na kuufikia inabidi kwanza utoe nusu ya vitu vilivyo juu yake. Fundi anayelipwa kwa saa hapa Australia hatakufanyia kwa huruma. Bili yake inaweza kumfanya mwenye gari aliuze wiki hiyohiyo.

Nilipokuwa Tanga, mteja akitaka kununua gari hakuulizia sekunde. Aliuliza: spea zake zipo? Ilala zinapatikana? Fundi wa gereji bubu anaiweza? Ndiyo maana Toyota GX100, GX110 na Altezza zimetawala barabara zetu, na ndiyo maana kijana wa Nairobi anaipenda Subaru yake mpaka anaizungumzia kama ndugu. Ni magari ya nje, ya mtumba kutoka Japani, lakini mafundi wetu wameyafanya ya kwetu. Wanayajua kwa kusikiliza. Nilipofika huku nikakuta Waaustralia wana uhusiano wa namna hiyohiyo na Falcon na Commodore, tofauti ikiwa kwamba wao gari waliliunda wenyewe, kwa barabara zao wenyewe. Moyo wangu ulipata wivu wa wazi. Sisi tuna mafundi hodari wasio na idadi, na saluni ya kwetu hatuna.

Na wakiniuliza ni injini ipi hasa ya Kiaustralia, sitataja V8. Zile V8 za HSV tangu 1999 zilitoka kwa General Motors, Marekani. Injini ya kweli ya nchi hii ni Barra ya Ford, silinda sita za mstari mmoja, lita 4.0, iliyotengenezwa Geelong. Ikiwekewa tabo kwenye FPV F6, Falcon ya mwendo kasi, ilitoa kilowati 310, na vijana wa hapa wanaitoa nguvu maradufu bila kubadilisha bloku. Anayezipenda injini za 1JZ na 2JZ za Toyota atamwelewa mara moja anayeipenda Barra. Tabo imekaa ubavuni, nafasi ya mkono ni tele pande zote, unaweza kusimama na kufanya kazi kwa raha. Kwangu mimi hii ndiyo inayostahili heshima kuliko V8 zote, ingawa wenyeji wengi watanipinga, na kelele ya V8 mimi pia inanisisimua.

Kuhusu ushindani na magari ya nje, Waaustralia wana kidonda ambacho bado hakijapona. Mwaka 1991 na 1992, mbio kubwa za Bathurst, kwenye mzunguko wa Mount Panorama, zilichukuliwa na Nissan Skyline GT-R ya Jim Richards na Mark Skaife. Gari la Japani, magurudumu yote manne yanavuta, silinda sita na tabo mbili, liliwashinda nyumbani kwao. Mwaka 1992 mvua kubwa ilisababisha mbio kusimamishwa. GT-R ilikuwa imeshagonga, lakini matokeo yakahesabiwa kwa mizunguko ya nyuma, ikapewa ushindi. Umati ukawazomea washindi jukwaani, na Richards akawajibu kwa hasira mbele ya dunia nzima. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilika na GT-R ikakosa nafasi. Uwanja ukabaki kwa V8 za Holden na Ford.

Mimi naona ule uamuzi uliwaumiza wenyewe. Watazamaji walipata burudani ya miaka mingi, sawa, lakini gari linakua kwa kukutana na linalolizidi. Safari Rally kwetu Afrika Mashariki haikumfukuza Mjapani. Ian Duncan, Mkenya, aliishinda mwaka 1994 akiwa na Toyota Celica, na hakuna aliyeona aibu kwamba gari si la Nairobi.

Isitoshe, neno "gari la nje" linategemea umesimama wapi. Binamu yangu yuko Muscat, Oman, na kwao Chevrolet Caprice na Lumina SS zilikuwa magari ya kutamaniwa: makubwa, kiyoyozi cha nguvu, V8 mbele. Zote ziliundwa hapa Elizabeth, usukani ukahamishiwa kushoto, zikapandishwa meli kwenda Ghuba. Uingereza zilivaa beji ya Vauxhall, Marekani zikauzwa kama Pontiac na baadaye Chevrolet SS. Kwa hiyo saluni hizi zenyewe zilikuwa gari la nje la mwendo kasi katika nchi nyingi, na huko watu walizilipia kwa hiari.

Mahali ninapokataa ni kwenye bei za juu kabisa. Mwaka 2017 HSV walitoa GTSR W1, injini ya LS9 iliyotoka kwenye Corvette ZR1, kilowati 474, gia za mkono tu, dola 169,990. Zilitengenezwa takriban 300. Ni gari la ajabu. Lakini kwa fedha hiyo ungeondoka na BMW M3 mpya au Mercedes-AMG C63 S na ukabakiwa na chenji, na mle ndani usingekutana na vitufe vilevile vya Commodore ya teksi. Aliyelipa bei hiyo alinunua kumbukumbu ya kiwanda kinachofungwa. Namwelewa, ila asiseme amenunua thamani. Thamani ilikuwa ngazi ya chini yake: Commodore SS V Redline, kilowati 304, breki za Brembo, kwa dola elfu hamsini na kitu. Nipe hiyo niendeshe hadi Port Augusta na familia nzima ndani. Kilomita kama 300 za barabara iliyonyooka, na gari halijakunja uso.

Kilichoziua saluni hizi hakikuwa M5. Ushuru wa kuingiza magari ulikuwa asilimia 57.5 miaka ya 1980 na ukashuka hadi asilimia 5 kufikia 2010. Dola ya Australia ikapanda hadi kuizidi ya Marekani, na kuuza nje kukawa kugumu. Wanunuzi nao wakahamia magari ya juu (SUV) na pikapu. Mwaka 2016 gari lililouzwa kuliko yote nchini hapa lilikuwa Toyota Hilux, inayotoka Thailand. Ford walifunga Broadmeadows Oktoba 2016. Elizabeth ikafungwa tarehe 20 Oktoba 2017, na mwaka 2020 General Motors wakalizika na jina la Holden. Nina wateja waliofanya kazi kwenye ile laini. Wanaleta Commodore zao kumwagwa oili mapema kabla ya wakati wake, na hawataki mtu mwingine azishike.

Wanaoniuliza kama ninaweza kuwapelekea moja nyumbani, jibu ni hili. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mlango umefungwa. Tanzania usukani unafaa, upande ni uleule wetu, ila ushuru unapanda kwa ukubwa wa injini na kwa umri, na lita 6.2 zinaumia kote kuwili. Kisha kuna mafuta: GTS inakunywa takriban lita 15 kwa kilomita 100 kwa hesabu ya kiwanda, mguu mwepesi. Taa ya mbele ikipasuka Korogwe utaisubiri kutoka huku. Aliye nyumbani abaki na Crown yake. Aliye huku Australia na anataka gari la kasi la familia, atafute Falcon XR6 Turbo, yenye ile Barra, ya miaka ya mwisho yenye kumbukumbu kamili za sevisi, alikague difu na bushi za nyuma, halafu aniletee nilitazame kabla hajalipa.