"Sorry" ya Kiingereza na pole yetu

Mgeni mmoja kutoka Uingereza alijikwaa kwenye ngazi za ofisi yetu, chai ikamwagikia shati lake, nami niliyekuwa vidato vitatu nyuma yake nikamwambia, "Sorry." Akanitazama kwa mshangao, akanijibu kwamba sikuwa na kosa lolote. Nilijua hivyo, nilikuwa nikimpa pole tu.

Walimu wetu wa Kiingereza walilikemea sana jambo hili, wakisema kwamba "sorry" ni neno la mkosaji anayeomba radhi, na kwamba kumwambia mtu aliyejikwaa mwenyewe ni kutafsiri Kiswahili. Kutafsiri, ndiyo, tunatafsiri. Ila ukilifuata neno lenyewe hadi lilikotoka, utakuta hatujapotea sana. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu au jeraha, ambalo leo ni "sore", lile la koo linalowasha. Aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni, awe amekosa au hakukosa. La ajabu ni kwamba "sorrow", yaani huzuni, ambalo mtu angeapa kuwa ni ndugu yake wa damu, lina mzizi mwingine kabisa; ujirani tu ndio uliofanya sauti zao zikaribiane.

Maana hiyo ya kale haijafa hata kwao. Mwingereza akienda msibani huwaambia wafiwa "sorry", wala hakuna anayedhani kwamba ndiye aliyemuua marehemu. Huko Kanada, jimbo la Ontario lilitunga sheria mwaka 2009 kwamba kuomba radhi au kuonyesha masikitiko kwa neno hilo hakuhesabiwi kuwa ni kukiri kosa katika kesi ya madai. Kwa maoni yangu, shida ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili ambayo sisi tumeigawa: samahani, lenye asili ya Kiarabu, ni la aliyekosa, na pole, lenye undugu na upole, ni la anayemhurumia mwenzake.

Kwa hiyo nitaendelea kumwambia "sorry" kila anayejikwaa mbele yangu. Ninapojizuia ni kwenye barua za kazi kwa wateja wa nje, ambako msomaji haoni uso wangu. Huko huandika sentensi nzima, nikieleza kwamba nimesikitishwa na yaliyomfika.