Kipuri kukaa kwenye injini hakutoshi

Watu wengi wakiamua kufanya ovaholi na kuongeza nguvu ya injini huanza na kipuri kinachosifiwa. Leo kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu), baadaye pistoni, kisha gasketi ya hedi yoyote iliyopatikana. Kila kimoja ni kizuri kivyake, na kila boksi limeandikwa kuwa ni cha injini hiyo. Utaratibu huo naupinga kabisa. Ndio unaozaa injini zilizokula fedha nyingi lakini zinavuta vibaya kuliko zilivyotoka kiwandani.

Chukua uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi. Silinda ina ujazo wa sisi (sentimita za ujazo) 500, na pistoni ikifika juu kabisa inabakiza nafasi ya sisi 50. Jumlisha, gawanya kwa 50, unapata 11 kwa 1. Sasa hedi ikichongwa na nafasi ile ikapungua kwa sisi 5 tu, uwiano unaruka hadi zaidi ya 12. Sisi hizo 5 zinaweza kutoka kwenye unene wa gasketi, umbo la kichwa cha pistoni, au bloku iliyosawazishwa juu. Kwa hiyo namba iliyo kwenye boksi la pistoni ni ya kweli kwa hedi na gasketi alizozikusudia mtengenezaji, si lazima zile ulizo nazo wewe. Na kama unapanga kufunga turbo, kosa la hapo halisamehewi: mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kichwa cha pistoni kinapasuka.

Kamshafti nayo inategemea hesabu hiyohiyo. Ile kali huchelewa kufunga valvu za kuingiza hewa, hivyo injini ikizunguka polepole sehemu ya hewa hurudi ilikotoka. Inahitaji uwiano mkubwa ili kufidia. Ukiifunga juu ya pistoni za mgandamizo mdogo, gari linakuwa zito kila unapoondoka, na ndipo fundi anapolaumiwa bure. Tena inazinyanyua valvu juu zaidi, kwa hiyo springi za zamani zinaweza kubanana koili kwa koili.

Bado kuna valvu kukutana na pistoni. Hapa hakuna cha kubahatisha. Bandika udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, paka valvu oili kidogo ili usigande, kisha funga hedi na gasketi iliyokwishatumika yenye unene uleule. Funga taimingi, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi kitu kimekwama, simama hapohapo. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima pale valvu ilipoacha alama yake. Wajenzi wengi wa injini hutaka angalau milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi, maana valvu za moshi hutanuka zaidi kwa joto. Fundi anayeruka kipimo hiki kwa sababu “kamshafti hizi zinajulikana” mimi simwachii injini.

Kuhusu pistoni za kufuliwa (zilizofinyangwa kwa kugandamizwa, si kumiminwa kwenye kalibu), usichonge silinda kabla hazijafika mezani na kupimwa kwa mikromita. Aloi ya alumini ya 4032 ina silikoni nyingi, karibu asilimia 12, na haitanuki sana. Ile ya 2618 huvumilia mateso makubwa zaidi, lakini hutanuka zaidi, kwa hiyo hudai mwanya mpana kati yake na silinda na hugongagonga injini ikiwa baridi. Kwa gari la kila siku lisilo na turbo kubwa, nachagua 4032 bila kusita. Sioni sababu ya kubeba kelele na uchakavu wa gari la mashindano kwa ajili ya sifa.

Hata bolti zimo katika hesabu. Ukiweka bolti imara zaidi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), tundu lake kubwa lipimwe upya bolti zikiwa zimekazwa kwa kipimo chake, kwa sababu mkazo mpya huliondoa kwenye uduara. Jarida la krenki (sehemu yake ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi) lenye kipenyo cha milimita 50 huhitaji mwanya wa oili wa kama milimita 0.05. Mpotoko ambao jicho haliuoni unatosha kuumaliza, na beringi mpya ikaungua injini ingali inazoeshwa.