Pesa ya umma kwenye gazeti na benki

Asubuhi pale Ngamiani, hapa Tanga, meza ya magazeti huzungukwa na watu kumi, kumi na tano. Wanasoma vichwa vya habari wamesimama, wanabishana kidogo, kisha kila mtu anashika njia yake. Anayenunua ni mmoja. Nikifungua nakala yangu nakutana na kurasa nzima za zabuni na nafasi za kazi: halmashauri, mamlaka ya maji, wizara. Mshahara wa mwandishi unatoka humo kuliko mfukoni mwa msomaji.

Kwa hiyo tukibishana kama Serikali ivipe ruzuku vyombo vya habari, tukubali kwanza kuwa inatoa tayari. TBC, shirika la utangazaji la umma, inapewa fungu kwenye bajeti, na magazeti binafsi yanapata matangazo. Hofu yangu ni hili fungu la pili, kwa sababu tangazo halina kanuni: leo unapewa, kesho umeandika habari iliyomkera mkubwa, unanyimwa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka uratibu wa matangazo yote ya Serikali kwa Mkurugenzi wa Idara ya Habari. Marekebisho ya 2023 yaliliondoa hilo, na nilifurahi.

Wapo wanaosema gazeti lisilojilipia life. Hoja ina uzito, kodi ya mkulima wa Lushoto isigeuke mshahara wa mhariri. Lakini habari za kikao cha madiwani Pangani nani atazilipia? Norway inasaidia magazeti tangu 1969 kwa vigezo vilivyoandikwa, na linaloikosoa serikali linapata pia. Ruzuku ya namna hiyo ningeiunga mkono hata kesho.

Kwenye kuokoa benki kwa pesa ya umma nina msimamo mkali zaidi. Mwaka 2008 Marekani iliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki yake. Uingereza iliweka pauni bilioni 45 na ushei ndani ya benki ya RBS, lakini ilichukua hisa, ikamaliza kuziuza 2025 kwa hasara. Watetezi wanasema benki kubwa ikianguka inaondoka na maduka na ajira za watu wasio na kosa. Ni kweli. Ila mwenye benki aliyekula faida miaka ya neema ndiye awe wa kwanza kupoteza.

Kwetu, Januari 2018, Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe, Meru na wakulima wa Kagera. Kinga ya amana, yaani fidia ya mwenye akiba benki yake ikifungwa, iliishia Sh 1.5 milioni. Mwaka huohuo benki ya Twiga Bancorp, mali ya Serikali, nayo mtaji ukiwa umekwisha, iliunganishwa na Benki ya Posta (TPB) na wateja wake wakaendelea kama kawaida. Mwananchi wa Meru ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mama ninayemnunulia vibua pale Deep Sea hulaza noti zake, magamba yamezigandia, kwenye kibubu cha mbao. "Benki ikifungwa, mwanangu, nitamdai nani?" Nikamweleza kwamba tangu 2023 kinga imefika Sh 7.5 milioni. Akafuta kisu, akauliza pesa hiyo inatoka wapi. Nikamwambia kwenye mfuko unaochangiwa na benki zenyewe.

"Hapo sawa," akasema, akaendelea kupaa samaki.