Hamu ya Kukimbia Leo Iliharibiwa na Mbio za Juzi

Anayesema "leo sina hamu ya kukimbia" hutafutiwa dawa mahali pasipo na ugonjwa. Ataambiwa atazame video za wanariadha wakikata utepe, abandike maneno makali ukutani, ajikumbushe kwa nini alianza. Hayo hupasha moto kidogo, kisha hupoa kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Mimi ningemuuliza swali moja tu: mara ya mwisho ulipokimbia, ulirudi ukiwa katika hali gani?

Wengi, hasa wanaoanza, watajibu kwamba walirudi hoi. Siku zote hukimbia kwa mwendo uleule wa katikati, mkali mno kuwa mazoezi mepesi na mlegevu mno kuwa mazoezi ya kasi. Wanahema kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wanaamini kuhema huko ndiko kukimbia kwenyewe. Halafu kesho yake wanashangaa miguu inapokataa kutoka nje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwili ulioteswa Jumanne utaviona viatu Alhamisi na kurudi nyuma. Mimi siuiti huo uvivu. Mwili umejifunza kwamba viatu vile huleta mateso, na haujakosea.

Kwa hiyo tiba ya kwanza hufanyika ndani ya mbio zenyewe, siku ile unayojisikia vizuri. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi ya maneno kumi hivi bila kuvuta pumzi katikati. Ukipima ugumu kwa alama 1 hadi 10, uwe kwenye 3 au 4. Kwa anayeanza, mwendo huo unaweza kuwa wa aibu: mtu anayetembea kwa haraka anaweza kumpita. Na apitwe. Ikiwa hata huo unamfanya ashindwe kuongea, akimbie dakika 1 na kutembea dakika 1, mara 10 au 12. Kutembea katikati ya mbio kulipangwa tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa hapo. Anayekimbia mara tatu kwa wiki, zote na ziwe hivi kwa mwezi wa kwanza. Mazoezi ya kasi yatakuja baadaye, mara moja kwa wiki, na hata hapo siku nyingine zibaki nyepesi.

Kosa linalofanana na hilo ni kumaliza kwa kufyatuka. Watu wanapenda mita 300 za mwisho wazikate kama wanafukuzwa, wafike mlangoni wameinama, mikono kwenye magoti. Mwaka 1993, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono katika maji ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipanda taratibu hadi nyuzi 15, yaani bado baridi. Walipoulizwa ni zamu ipi wako tayari kuirudia, wengi walichagua ile ndefu. Kumbukumbu haikuhesabu muda wa maumivu. Ilishika pale palipouma zaidi na namna jambo lilivyoisha. Mkimbiaji anayemaliza kwa kukabwa na pumzi anajiandikia kumbukumbu ya kukabwa. Zigeuze dakika 5 za mwisho ziwe laini kuliko zote, kisha tembea dakika 3 hadi 5 kabla ya kugusa mlango.

Haya, lakini leo tayari huna hamu, na mbio za juzi haziwezi kukimbiwa upya.

Kuna jambo la kimwili linalofaa kujulikana hapa. Ukianza kukimbia, misuli hudai oksijeni papo hapo, ilhali moyo na mapafu huhitaji kama dakika 2 au 3 kuyafikia mahitaji hayo, na zaidi kwa asiye na mazoezi. Katika pengo hilo misuli hujitegemea kwa nishati isiyongoja oksijeni, na ndiyo maana miguu huwa kama magogo na pumzi hukimbizana. Mtu akiamua dakika ya pili kwamba "leo siwezi", ametoa hukumu kabla shahidi hajafika. Tembea haraka dakika 5, kimbia kwa kukokota dakika 5, ndipo uamue. Ukitaka kurudi dakika ya kumi, rudi kweli, na siku hiyo ihesabiwe kuwa umekimbia. Ruhusa hiyo isiwe hila. Ukijiahidi dakika kumi halafu ukajilazimisha arobaini, wiki ijayo hutajiamini tena.

Anayekimbia alfajiri ana adui wa ziada. Kichwa hubaki kizito kwa dakika 15 hadi 30 baada ya kuamka, wakati mwingine hata saa nzima, na joto la mwili nalo bado liko chini. Maamuzi yanayofanywa chini ya shuka hayana thamani yoyote. Weka kengele mbali na kitanda, washa taa, kunywa maji, vaa, na uongeze dakika 5 za kutembea mwanzoni.

Wa jioni ana tatizo la aina nyingine. Mwaka 2009 mtafiti wa michezo Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio ambamo waliwapa watu kazi ya kompyuta inayodai umakini kwa dakika 90 kabla ya kuendesha baiskeli hadi washindwe. Waliacha mapema zaidi kuliko siku waliyotazama filamu za kawaida tu, ingawa vipimo vya moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza hilo. Kilichobadilika ni jinsi kazi ilivyohisiwa kuwa nzito. Basi baada ya siku ya kuumiza kichwa usijipangie mazoezi ya kasi, na ikiwezekana saa ya mkononi iache nyumbani. Angalia pia njaa: aliyekula mchana mara ya mwisho na kutoka jioni mara nyingi ana tumbo tupu, naye anadhani ni uvivu. Ndizi moja dakika 45 kabla humaliza kesi hiyo. Mlo mzito nao usubiri uteremke, kwa muda wa saa 2 hadi 3.

Maandalizi nitayapitia haraka kwa sababu yanajulikana: nguo tayari, soksi ndani ya viatu, ufunguo mahali pake. Kinachosahaulika ni njia. Mtu amesimama nje amevaa kila kitu, anaanza kufikiria aelekee wapi, na fikra hiyo inamrudisha ndani. Amua njia tangu jana. Na iwe ya kwenda na kurudi: dakika 12 kwenda, kisha geuka, kurudi hakuna anayekuomba, lazima ufike kwako. Kuzunguka nyumba ni kosa, maana kila mzunguko unapita mbele ya mlango wako mwenyewe.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mpango hushika zaidi ukifungwa kwenye tukio: "likitokea hili, nafanya lile." "Nitakimbia kesho" ni nia tu. "Nikivua nguo za kazi, navaa za kukimbilia kabla sijakaa" ni mpango. Neno zito hapo ni kabla sijakaa. Mbio nyingi za jioni hufia kwenye kochi.

Upo ukosefu wa hamu unaopaswa kutiiwa. Ukiwa na homa, kikohozi cha kifua au mwili mzima kuuma, usikimbie, kwa kuwa maambukizi yanaweza kugusa hata msuli wa moyo. Mafua mepesi ya puani tu yanavumilika kwa mwendo wa polepole. Maumivu yanayobadilisha namna unavyokanyaga ni ya kusimama palepale. Na mapigo ya moyo unapoamka yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo 5 hadi 10 kwa dakika, siku kadhaa mfululizo, huku usingizi ni mbovu, pumzika.

Siku iliyorukwa haidaiwi. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010 uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, walikuta mazoea huchukua wastani wa siku 66 kukaa, wengine 18, na kwa baadhi makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mwili nao haupotezi stamina kwa siku mbili tatu. Kushuka huanza kuonekana karibu na wiki mbili. Kinachoharibu ni kulipa deni: kuruka Jumanne, kisha Jumatano kukimbia mara mbili ya kawaida, na Ijumaa hamu imekufa kabisa. Ndiyo maana sizipendi programu za simu zinazohesabu siku mfululizo. Hesabu ikikatika siku ya 23, mtu huacha hata siku ya 25.

Mwenzi wa kukimbia husaidia kuliko vyote hivi, kwa sharti moja: awe wa mwendo wako au chini yako. Rafiki mwenye kasi, hata awe mwema vipi, atageuza kila asubuhi kuwa shindano usiloliomba, na utaanza kutafuta sababu za kutopokea simu yake.

Jaribu wiki tatu za mwendo wa kuongea, zikiishia kwa kutembea. Ikiwa baada ya hapo bado kila safari ni kero toka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, huenda kukimbia hukupendi tu. Moyo hauulizi kama umeupigisha kwa miguu, baiskeli au kuogelea.