Kisanduku Kilichoipa Kibla Mgongo

Bibi yangu hutawadha alfajiri kwa maji ya birika, yaani tangi la maji lililojengewa ndani ya nyumba, na ifikapo Julai, kusi inapovuma hapa Lamu, maji hayo humfanya ayataje majina ya Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo hata jirani wa nyumba ya tatu huisikia. Ndipo nilipoazimia, mimi mjukuu wake niliyesoma, kumtengenezea mtambo wa kupasha maji moto kwa jua, kwani jua ndicho kitu pekee mjini mwetu kisichohitaji kuletwa kwa jahazi wala kubebwa na punda.

Vitu vingine vyote vilihitaji punda. Kioo kilipita vichochoroni kikiwa kimefungwa magodoro mawili, na kila aliyejibanza ukutani kutupisha aliuliza ni nani anayeoa.

Kanuni ya mtambo wenyewe si ngumu. Mabomba ya shaba hulazwa juu ya bati lililopakwa rangi nyeusi, ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kioo, na pipa la maji huwekwa juu zaidi ya sanduku, kwa sababu maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi kwenye pipa, huku yale ya baridi yakishuka kuchukua nafasi yake, bila pampu wala umeme. Fundi wangu alikuwa na shaka moja tu, nayo ilikuwa ya haki: pipa la lita 100 likijaa lina uzito wa kilo 100 kabla hujalipima pipa lenyewe, na boriti za dari yetu ni za mikoko na zina umri mkubwa kuliko Bibi. Tuliliweka juu ya ukuta, si katikati ya dari.

Kosa halikuwa la fundi. Maelezo niliyoyafuata yaliandikiwa watu wa Ulaya, nayo yalisema sanduku lielekezwe kusini na lisimamishwe kwa nyuzi 45. Nikapima kwa dira, nikasimamisha, nikajipongeza.

Siku tatu maji yalibaki vuguvugu kama chai iliyosahauliwa barazani. Nililaumu rangi, nikalaumu kioo, nikalaumu mawingu ambayo hayakuwapo. Siku ya nne Bibi alipanda ngazi polepole, akasimama akishika kiuno, akalitazama sanduku kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona kisanduku chako kimeipa kibla mgongo?"

Nilianza kumweleza kwa upole kwamba elimu ya jua ni jambo moja na kibla ni jambo jingine, lakini maneno yalinikwama kooni, kwa kuwa macho yangu yaliangukia kivuli changu. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na kivuli kilikuwa kimelala upande wa kusini. Lamu iko kusini ya ikweta kwa nyuzi mbili na kidogo, na mwezi wa Julai jua hupita kaskazini yetu, yaani kule kule tunakoelekea tunaposwali. Mimi nilikuwa nimelipa jua mbao za mgongo wa sanduku, na kioo nikakielekeza baharini.

Tuligeuza sanduku jioni ile ile na kulilaza hadi nyuzi 15 hivi, kiasi cha kuyawezesha maji kupanda. Kesho yake, saa tisa alasiri, niligusa bomba la juu nikaruka. Kwa furaha nikafungua koki ya bomba lililoteremka moja kwa moja hadi birikani, ili Bibi akute birika lenye joto, kisha nikaenda kuswali Alasiri. Kurudi, nilipita barazani kuwasimulia wenzangu ushindi wangu, na ushindi, kama ujuavyo, hausimuliwi kwa ufupi.

Nilichosahau ni kwamba birika la Bibi lina wenyewe. Kama birika nyingi za kale hapa mjini, lake lina samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini pamejengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Siku hiyo maji yalikuwa yamepungua. Samaki walikuwa wamekimbilia bakulini, na pipa zima likawamiminikia humo.

Nilimkuta Bibi akiwaopoa kwa kata, mmoja mmoja, akiwahesabu. Walikuwa saba. Aliwapanga kwenye sahani, akaifunika kwa kawa, akaniletea.

"Wameshaiva," akasema. "Tafuta ndimu."

Birika likamwagwa, likasuguliwa, likajazwa maji ya kisima, kwani pipa la juu lilikuwa tupu. Alfajiri nikiwa kitandani niliisikia tena ile sauti ikipaa juu ya nyumba tatu, ikitaja majina matukufu, na baada ya hayo, kwa herufi zote, la kwangu.