Kuacha Pombe Kabisa au Kupunguza?

Swali hili huwagawanya hata wanaotibu uraibu. Kuna wanaoshikilia kwamba mtu aliyekwisha kutawaliwa na pombe hana glasi iliyo salama. Wengine wanasema kumtaka aape leo hii kwamba hatagusa tena tone ni kumfukuza kabla hajavuka mlango. Mimi naelemea upande wa kuacha kabisa, ila si kwa kila mnywaji.

Msimamo wa kuacha kabisa ulienezwa zaidi na Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Waasisi wake, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walikuwa wameteswa na pombe. Kwa miaka mingi wakosoaji walidai chama hicho kinategemea imani tu. Hoja hiyo imepungua makali tangu mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27. Baada ya mwaka mmoja, takriban asilimia 42 ya walioelekezwa kwenye vikundi vya chama hicho walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine. Wanaoshangilia takwimu hizo wazisome hadi mwisho: hata katika kundi lililofanya vizuri, zaidi ya nusu hawakuweza kuacha kabisa.

Hapo ndipo watetezi wa kupunguza wanapopata nafasi, na wana dawa mkononi. Naltrexone, iliyoidhinishwa Marekani kwa uraibu wa pombe mwaka 1994, hupunguza ile raha inayomfanya mtu aongeze glasi nyingine, na wapo madaktari wanaowapa hata wagonjwa ambao bado wanakunywa. Disulfiram, dawa ya zamani zaidi, hufanya kazi kwa njia tofauti: ukinywa juu yake, unapata kichefuchefu na moyo kwenda mbio.

Kuna kisa ambacho pande zote mbili hupenda kukitumia. Audrey Kishline, aliyeanzisha kikundi cha kunywa kwa kiasi kiitwacho Moderation Management mwaka 1994, aliendesha gari akiwa amelewa mwaka 2000 akaua watu wawili, baba na binti yake. Wapinzani wakasema, mmeona? Kumbe wiki kadhaa kabla ya ajali alikuwa amewaaga wenzake, akisema sasa anataka kuacha kabisa. Kisa hicho hakimpi yeyote ushindi.

Kinachopima vizuri zaidi ni kina cha uraibu wenyewe. Anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kinywaji hana cha kupunguza. Lakini pia asiache ghafla akiwa peke yake, kwa kuwa arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe unapoikosa, inaweza kuleta degedege na kuweweseka kunakoua. Aanze kwa daktari. Kwa mnywaji kama huyo naona kuacha kabisa kuna faida moja kubwa: uamuzi umekwisha kufanyika. Anayepunguza hujadiliana na pombe kila jioni, na baada ya glasi ya pili, mwamuzi wa mjadala huo ni pombe yenyewe.

Anayekunywa sana lakini hapati arosto anaweza kujaribu kupunguza kwa kikomo alichokiandika, si cha kichwani. Kikivunjwa wiki baada ya wiki, amepata jibu. (Na mara nyingi waliomo nyumbani walilijua kabla yake.)

Ninapotofautiana na wanaoshikilia kuacha kabisa ni kwenye desturi ya kuhesabu siku. Mtu aliyekaa miezi minane bila kunywa, akateleza usiku mmoja, anaambiwa aanze tena sifuri. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alieleza kwa kina hali inayofuata: mtu hujiona ameshaharibu kila kitu, na kosa la glasi moja linageuka ulevi wa wiki nzima. Maji yakimwagika hayazoleki, anajiambia, huku akifungua chupa ya pili. Ile miezi minane haikufutika. Ini lilipumzika, madeni yalilipwa, usingizi ulirudi. Kazi ya usiku huo ni kumpigia mtu simu kabla ya kulala, na kesho yake kuchunguza ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, na nini kilitokea mchana.