Ferritini si ghala tu

Majibu ya damu yaliporudi, daktari alizungushia kalamu namba moja: ferritini, ile protini inayohifadhi chuma mwilini, 9. "Ghala lako la chuma ni tupu, mama." Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nimezee maji ya machungwa, chai isubiri.

Dawa sina ugomvi nayo. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya maikrogramu 15 kwa lita ni upungufu, na Shirika la Afya Duniani linahesabu hivyo hivyo. Ninachogombana nacho ni hilo neno ghala. Tangu Vilém Laufberger wa Chekoslovakia alipoitenga ferritini kwenye bandama ya farasi mwaka 1937, imezoeleka hivyo: tufe lenye uwazi ndani, vipande 24, nafasi ya hadi atomu 4,500 za chuma. Ni kweli. Lakini ferritini inayoelea kwenye damu, hiyo hiyo tunayopimwa, ina chuma kidogo sana. Sasa ghala lisilo na mzigo linazurura mjini likitafuta nini?

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walitoa jibu mojawapo. Damu ina protini kubwa iitwayo kininojeni. Ikikatwa, kipande kinachobaki huzifungia breki seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu: hazisogei, hazijipangi, nyingine hufa, na mshipa mpya hauoti. Ferritini hukidaka kipande hicho, breki ikaachia. Kwa panya wenye uvimbe wa saratani, mishipa iliyokuwa imezuiwa ilirudi kuota.

Hapa ndipo nilipoweka kikombe chini: kiasi cha chuma ndani ya ferritini hakikubadilisha kitu.

Tafadhali, asije mtu akatangaza kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba vidonge vya damu vinalisha saratani. Hayo hayakuonyeshwa, hizi ni seli za maabara na panya. Na upungufu wenyewe si mchezo, ngazi za ghorofa mbili tu zinanitoa jasho. Ila kati ya bandama ya farasi na breki ile ilipita miaka 72, na naamini jina hilo la ghala lilichangia kuchelewa huko. Nani atamuuliza mtunza ghala habari za ujenzi wa barabara?

Mwezi ujao narudi kupima. Swali la kumuuliza daktari nimeshaliandika nyuma ya karatasi ya majibu.